Neno na Mwangwi Wake

Tangu zamani wanafalsafa wamejiuliza: je, neno hushikamana na kitu kwa asili yake, ama kwa mapatano ya watu? Plato, Myunani, aliandika majadiliano juu ya swali hilo yapata miaka 2,400 iliyopita. Mwaka 1916 yalichapishwa mafundisho ya Ferdinand de Saussure, aliyeshika upande wa mapatano. Lakini yako maneno yanayoelekea kuukaidi upande huo, nayo ni tanakali sauti. Jiwe huanguka majini chubwi. Gunia huanguka chini pu. Nani alipatana na nani juu ya pu?

Na tulipime swali hili huko Karagwe na Kyerwa, wilaya mbili za Mkoa wa Kagera zilizokuwa moja hadi mwaka 2012. Lugha ya wenyeji ni Kinyambo, na watoto wengi huisikia nyumbani kabla ya kukutana na Kiswahili cha darasani. Kuku wa Kiswahili ni enkoko kwa Kinyambo. Katika majina yote mawili twaweza kuusikia mlio wa ndege yule yule, wala majina hayo si mamoja. Jogoo hawiki kwa lugha ya mwenye boma. Hata hivyo Mswahili husikia kokoriko, na Mwingereza husikia cock-a-doodle-doo. Basi mlio hutolewa na maumbile, lakini sikio hufundishwa na jamii. Kila lugha huiga kwa sauti ilizo nazo, na kila mtoto hurithi masikio ya wazee wake.

Tena twasema jeupe pe, giza totoro, kimya jii. Weupe hauna mlio, na kimya ndicho ukosefu wenyewe wa mlio. Ni dhahiri kwamba maneno haya hayanakili kitu, yanakishuhudia. Asemaye kimya jii hatuarifu tu kwamba hapakuwa na kelele. Atuambia kwamba alikuwapo, akatega sikio. Hapo ndipo swali la lugha linapogeuka kuwa swali la maadili, kwani ushahidi wadai ukweli.

Kwa sababu hiyo yafaa tuwaonye wale wanaoyafuta maneno haya kwa wino mwekundu, wakidhani ni utoto. Kumbukumbu za mkutano hazihitaji pu, twakubali. Lakini mwanafunzi asimuliaye kisa akinyimwa maneno hayo, amenyimwa masikio yake, naye atajifunza kuandika mambo asiyoyasikia.

Hatari nyingine ni kubwa zaidi. Karagwe ilisifika kwa uhunzi, na miongoni mwa hazina za watawala wake mlikuwamo fuawe na ng'ombe wa chuma. John Hanning Speke alipofika mwaka 1861 alimkuta Mfalme Rumanyika akitawala. Mahali ambapo mivukuto na nyundo za wahunzi zimenyamaza, neno lililoziiga hubaki yatima: kijana aweza kulikariri, lakini hawezi kulipima kwa sikio lake. Mvua nayo imebadili sauti. Juu ya nyasi za msonge ilinong'ona. Juu ya mabati yanguruma hata mwalimu hulazimika kukatiza somo. Mlio mpya wahitaji neno jipya, na neno la kale lahitaji mtunzaji.

Wataalamu wameanza kazi hiyo. Josephat Rugemalira wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha msamiati wa Kinyambo mwaka 2002, kisha sarufi yake mwaka 2005. Hata hivyo kitabu hakina masikio. Wajibu uliobaki ni wa mwalimu na mwanafunzi: kuwauliza wazee mvua ya nyasi ilisemaje, kuliandika neno lao kando ya neno la Kiswahili, na kuyatamka yote mawili kwa sauti. Kiswahili hakitapungukiwa kwa hilo, kwani kimekua kwa kupokea. Wala tusidhani kwamba tutakuwa tumehifadhi maneno peke yake. Tutakuwa tumehifadhi usikivu, na watu wasiosikilizana hawawezi kujenga taifa.