Tahadhari si dhana mbaya: Funzo la usiku mmoja Dutwa

 

Ndugu Waislamu, katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, mtu mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.) iwapo amfunge ngamia wake na kumtegemea Allah, au amwache huru na kumtegemea Allah. Aliambiwa amfunge, kisha ategemee. Hadithi hii tunaijua. Tunachosahau ni kuwa kamba ile ni ya kumfunga ngamia, si ya kumnyonga jirani.

Mimi ni mwalimu wa Maarifa ya Uislamu, na nimeishi Dutwa, mji mdogo kwenye barabara itokayo Bariadi kwenda Lamadi, mkoani Simiyu. Usiku mmoja, baada ya Isha, lilipigwa yowe, lile ambalo Wasukuma huliita mwano. Nilichukua fimbo nikatoka mbio kama wenzangu. Tulimkuta kijana chini, damu inamtoka puani, watu wanapaza sauti: "Mwizi! Mwizi wa ng'ombe!" Nakiri mbele ya Allah kwamba fimbo yangu ilikuwa imeshainuka.

Ndipo akafika mzee mmoja wa sungusungu. Hakupiga kelele. Alisema, "Subirini." Akamwinamia yule kijana: "Umetoka wapi? Umefikia kwa nani?" Kijana akataja jina la mjomba wake. Basi lilichelewa njiani, akashuka gizani na kubisha hodi nyumba isiyo yake. Mjomba akaitwa, akaja analia.

Maswali mawili tu, ndugu zangu, ndiyo yaliyookoa roho ya mtu. Wiki ile ile nilikuwa nimewafundisha wanafunzi wangu aya ya 6 ya Surat Al-Hujurat, inayotutaka tuhakikishe habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukabaki kujuta. Mimi mwenye shahada ya chuo kikuu sikuuliza. Aliyeuliza ni mzee ambaye hakumaliza shule ya msingi.

Sungusungu walianza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wananchi walipochoshwa na wizi wa mifugo na ujambazi. Nguvu yao haikuwa pinde na mishale tu. Ilikuwa kujuana: mgeni akiingia kijijini anajulikana amefikia kwa nani, na yowe likipigwa hakuna anayebaki ndani. Lakini baadhi yao waliteleza, wakapiga na kuua kwa tuhuma tupu. Katika mikoa hii hii wapo vikongwe waliouawa kwa kudhaniwa ni wachawi kwa sababu macho yao ni mekundu, na kumbe wekundu ule mara nyingi ni moshi wa miaka mingi ya kupikia samadi. Aya ya 12 ya sura hiyo hiyo inatuonya kuwa baadhi ya dhana ni dhambi.

Tena wakati macho yetu yako kwa mgeni, hatari huweza kupita mlango mwingine. Desemba 2014, mtoto wa miaka minne mwenye ualbino alitekwa usiku nyumbani kwao wilayani Kwimba, mkoani Mwanza. Januari 2015 Serikali ikapiga marufuku wapiga ramli. Mpiga ramli yule hajifichi porini. Ana wateja, na wateja wake ni watu tunaosalimiana nao sokoni. Tahadhari ya kweli ni kumkataza ndugu yako asiende kwake.

Ninyi mnaosoma gazeti hili Dar es Salaam, Tanga au Mwanza msidhani haya ni ya vijijini. Je, unamjua jirani wa ukuta wa pili? Mwanao akitoka madrasa jioni, unajua anarudi na nani? Umepata ujumbe wa simu kuwa hela utume kwenye namba nyingine. Je, umempigia anayekudai uisikie sauti yake? Na mtu akiitwa mwizi kituo cha daladala, utauliza au utaokota jiwe?

Nabii Yaaqub (A.S.) aliwaambia wanawe wasiingie mjini kwa mlango mmoja, na papo hapo akasema kuwa hukumu ni ya Allah pekee. Hata katika Swala ya hofu, aya ya 102 ya Surat An-Nisaa inaamrisha kundi moja liswali na jingine lilinde. Kulinda, basi, ni ibada, na ibada ina adabu zake. Adabu ya hii ni kuuliza kabla ya kupiga, na kumfikisha mtuhumiwa polisi akiwa hai.

Ile fimbo bado ninayo. Kila ninapoiona namshukuru Allah kwamba siku ile haikushuka. Tumuombe atupe macho yanayoona na mikono inayosubiri.