Kaunawa, Hakunawa

Katika kibanda umiza chochote cha Dar es Salaam, mpira ukimgusa beki mkononi ndani ya boksi, ubishi haukawii. "Kaunawa huyo, makusudi!" "Wapi, mpira ndio umemfuata!" Mguso wameuona wote. Wanachogombea ni nia ya beki, na kila mmoja yuko tayari kuapa kwamba ameiona kwa macho yake.

Je, nia huonekana? Mtoto wa madrasa hufundishwa mapema hadithi inayofungua mkusanyiko wa Imamu Bukhari, ile iliyopokewa kwa Omar bin Khattab, kwamba amali hupimwa kwa nia. Msomaji wa Biblia naye anamkumbuka Samweli alivyovutiwa na umbo la Eliabu, akakanywa kwamba Mungu huangalia moyo. Kote kuwili nia imewekwa ndani, asikofika jirani. Wataalamu wa uonaji, kwa upande wao, wamegundua kwamba sehemu yake hujitokeza nje.

Mwaka 1973 Gunnar Johansson, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Uppsala nchini Sweden, alichapisha majaribio yake yaliyohitaji giza na vinukta vya mwanga. Vinukta hivyo viliwekwa mabegani, kwenye viwiko, vifundo vya mikono, nyonga, magoti na vifundo vya miguu, kisha mtu akapigwa filamu ambayo mwili wenyewe hauonekani. Mtu huyo akitulia, mtazamaji haoni ila nukta zilizotawanyika ovyo. Akipiga hatua, papo hapo binadamu anazuka. Johansson alikuja kuonyesha kwamba hata sehemu ya tano ya sekunde inatosha. Hakuna anayeanza kuhesabu, hili goti, lile bega. Anamwona mtu anatembea, basi.

Miaka 10 baadaye, Sverker Runeson na Gunilla Frykholm, wa chuo hicho hicho, waliwapa waigizaji wao masanduku ya kuinua. Watazamaji walikadiria uzito wa sanduku kwa kuangalia nukta za mwili tu. Kisha waigizaji wakaambiwa wadanganye, wajifanye wamebeba kizito au chepesi kuliko hali halisi. Watazamaji wakaonyesha wanaweza kutofautisha uzito wa kweli na ule wa kuigiza, maana yake waliuona mzigo na waliiona hila. Mzigo wa kweli humvuta mtu, naye hujiegemeza kuusawazisha; mzigo wa uongo hauna wa kumvuta. (Kuli wa bandarini asingehitaji maabara kuambiwa hivyo.)

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kulitawaza jicho kuwa kadhi. Lakini mwaka 1944 huko Marekani, Fritz Heider na Marianne Simmel walitengeneza filamu fupi ya pembetatu mbili na duara, zikizungukazunguka karibu na kisanduku chenye mlango. Kati ya watu 34 walioombwa waandike walichokiona, mmoja tu ndiye aliyeandika habari za maumbo. Waliobaki waliona viumbe: wanafukuzana, wanapigana, wanaoneana. Pembetatu ikapewa ghadhabu.

Na nia hukua kadiri picha inavyopunguzwa mwendo. Mwaka 2016 Eugene Caruso na wenzake walichapisha utafiti ambamo watu walionyeshwa video ya uporaji ulioishia kwa mtu kupigwa risasi. Waliotazama polepole walimwona mpigaji kuwa amekusudia zaidi kuliko waliotazama kwa mwendo wa kawaida, kwa kuwa alionekana kana kwamba alipata nafasi ya kufikiri. Kuwaonyesha muda halisi uliopita kulipunguza kosa hilo, hakukuliondoa.

Kwa mwanga huu, masharti ya ushahidi katika fiqhi, sheria ya Kiislamu, yanasomeka upya. Tuhuma ya zinaa hudai mashahidi wanne walioshuhudia kitendo chenyewe. Kuwakuta wawili faraghani hakutoshi, na anayetuhumu bila mashahidi hao anastahili viboko 80. Jicho linaaminiwa, ila linazuiwa lisikisie. Ni busara kubwa, ingawa wale watu wa Uppsala wanaitia mashaka kidogo: ikiwa hata "ametembea" ni jambo ambalo jicho limelijenga kutokana na nukta 12, ni nani atakayechora mstari kati ya kuona na kukisia?

Watunga sheria za soka, IFAB, wamejaribu kuuchora. Itifaki yao ya VAR, mwamuzi msaidizi wa video, inataka picha ya polepole itumike kwa mambo kama mahali mpira ulipogusa, na mwendo wa kawaida utumike kuamua kama kunawa huko ni kosa. Kibandani, lakini, hakuna itifaki. Runinga inarudia tukio polepole, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mkono ukiusogelea mpira kama unaoamkia mgeni, na yule aliyekuwa akisema mpira ndio umemfuata sasa amenyamaza, anakuna kidevu.