Nani Amlipaye Mhudumu wa Meza?

Mtu akiingia hotelini, akaletewa wali na mchuzi kwa adabu na uso mkunjufu, aghalabu huona vema kuacha fedha kidogo juu ya meza anapoondoka. Twaiita bakshishi, na desturi hiyo haina ubaya. Hata katika ngoma zetu mtu huinuka akamtunza mwimbaji kwa kuwa moyo wake umefurahi. Wala hakuna adhaniye kwamba kodi ya nyumba ya mwimbaji yaitegemea noti ile.

Lakini iko nchi ambako bakshishi imeacha kuwa tunzo, ikawa ndiyo mshahara wenyewe. Huko Marekani sheria ya taifa yamruhusu mwenye hoteli kumlipa mhudumu apokeaye bakshishi dola 2 na senti 13 kwa saa. Kiasi hicho kiliwekwa mwaka 1991, na hadi mwaka 2025 kilikuwa hakijaongezwa hata senti moja, ingawa kima cha chini cha wafanyakazi wengine kilifika dola 7 na senti 25 mwaka 2009. Pengo la dola 5 na senti 12 huzibwa na wageni. Ni kweli, sheria yamwagiza mwajiri afidie iwapo bakshishi za juma zima hazikutosha. Lakini ni nani atakayekwenda kila juma kumdai bwana wake, hali bwana huyo ndiye apangaye nani ahudumu Jumamosi jioni, wageni wakiwa tele, na nani aje Jumatatu asubuhi, meza zikiwa tupu?

Jambo hili lina mizizi michungu. Tangu mwaka 1867 kampuni ya Pullman iliajiri watu weusi, wengi wao waliokuwa watumwa jana yake, wawahudumie abiria katika mabehewa ya kulala. Mshahara ulikuwa haba. Riziki yao ilikuwa mkononi mwa abiria. Nao abiria walizoea kumwita kila mmoja wao “George”, kwa jina la George Pullman mwenye kampuni, kama mtumwa alivyoitwa kwa jina la bwana wake. Mwaka 1925 watumishi hao waliunda chama chao, kikiongozwa na A. Philip Randolph, wakidai mshahara wa kumtosha mtu pasipo kunyoosha mkono. Iliwapasa kungoja hadi mwaka 1937 ndipo kampuni ikatia sahihi mkataba nao.

Basi kosa liko wapi? Si katika kutoa. Kosa ni kuchanganya deni na zawadi, hata vyote viwili vikaharibika. Mgeni hujiona mkarimu kwa kulipa kilichokuwa wajibu wa mwingine. Tena hufanywa hakimu pasipo kuapishwa. Mchuzi ukizidi chumvi, kosa ni la mpishi, lakini aadhibiwaye ni binti aliyeuleta. Na mgeni akimtolea binti huyo neno la aibu, afanyeje? Hutabasamu. Akimjibu kama ambavyo mama yake angependa amjibu, atarudi nyumbani mikono mitupu. Sisi twaona hapa ndipo penye dhambi kubwa kuliko senti zilizopunjwa: mtu kulazimishwa kuuza heshima yake pamoja na jasho lake. Papa Leo XIII, katika waraka wake wa mwaka 1891, alifundisha kwamba hata pale mwajiri na mfanyakazi wamekubaliana, iko haki iliyo ya kale kuliko mapatano yao, nayo yataka ujira utoshe kumlisha mtu mwenye kiasi. Na yule mwenye shamba la mizabibu katika Injili, ukarimu wake wote aliutoa mfukoni mwake. Hakuwaweka vibarua njiani wawangojee wanunuzi wa zabibu.

Wapo watakaotupinga, tena si matajiri peke yao. Katika jimbo la Maine wananchi walipiga kura mwaka 2016 kuondoa mshahara huo pungufu, na mwaka 2017 baraza la jimbo likaurudisha, wahudumu wengi wenyewe wakiwa wameomba hivyo, kwani waliogopa bakshishi zao zisipungue. Hatuwacheki. Aliyezoea kuokota fungu nono usiku wa Jumamosi ana sababu ya kuhofu. Hata hivyo yapo majimbo saba, California na Minnesota yakiwamo, ambako mhudumu hulipwa kwanza kima kamili cha chini, kisha bakshishi huja juu yake. Na hoteli zingaliko, na watu wala.

Msomaji aliye na safari ya huko, au mwenye mtoto aishiye huko, aache fedha mezani, maana mhudumu hakuitunga sheria ile. Nasi tuliobaki tuingie jikoni mwetu wenyewe. Twawajua akina mama na akina baba, tena wa kuhudhuria Misa kila Jumapili, ambao wakiulizwa wamlipa nini msichana wao wa kazi, huanza kuhesabu gauni kuukuu walilompa siku ya Noeli.