Marejeo ni Ngamani



Mtu apandaye kutoka Ziwa Nyasa kuja Mawengi hukutana na milingoti mingi njiani. Sisi tu watu wa milima: tukisikia mlingoti, twafikiri mbao, nguzo za umeme na kuni. Lakini kabla mti huo wa asili ya Australia haujaletwa kwetu, neno hilo lilikuwa la mabaharia wa pwani. Mlingoti ni ule mti usimamao chomboni, uchukuao tanga.

Maneno ya namna hii ni mengi, nasi twayatumia pasipo kukumbuka yalikotoka. Timu ya mpira ina nahodha. Gari lina usukani. Mkutano ukianza twasema umeng'oa nanga. Mambo yakiharibika twasema yamekwenda mrama, na mrama ni kule kuyumba kwa chombo katika mawimbi. Si vibaya maneno kuhama. Lakini yafaa tujiulize yameacha nini njiani.

Nahodha, kwa asili ya Kiajemi, ni bwana wa chombo. Leo wengi tumeshika ubwana, tukasahau chombo. Tena tazameni usukani. Dereva huushika mbele, watu wote wakimwona. Usukani wa jahazi uko nyuma, umezama majini. Abiria hawauoni, lakini pasipo huo hawafiki. Mtakatifu Paulo, alipowahesabia Wakorinto karama za Mungu, karama ya uongozi aliitaja kwa neno la Kigiriki lenye maana ya kushika usukani. Basi kuongoza ni kuwafikisha wengine.

Hapo twasema na akina baba. Yuko baba ambaye miaka kumi alikuwa akiitunza milingoti yake. Siku ya kuiuza, mama hakuulizwa bei. Fedha zaishia kilabuni, na Januari mtoto akaa nyumbani kwa kukosa sare na madaftari. Akiulizwa, baba hujibu: “Mimi ndimi kichwa cha nyumba.” Nahodha gani huyu, auzaye shehena ya chombo na kuwaacha abiria wake na njaa?

Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 27, chatusimulia safari ya Paulo kwenda Roma. Chomboni walikuwamo watu 276. Katika dhoruba ya usiku mabaharia walishusha mashua ndogo, wakijifanya wanakwenda kutia nanga za mbele. Kumbe walitaka kutoroka. Paulo akamwonya akida kwamba hao wasipokaa chomboni, wengine hawataokoka. Askari wakazikata kamba, mashua ikaenda zake. Chombo kilivunjika, lakini watu wote walifika nchi kavu salama. Hata leo wako watorokao kwa kisingizio cha kazi njema: kila siku mkutano, kila siku safari, na nyumbani maji yanaingia.

Wahenga wa pwani walisema: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Huku kwetu ukitaja tezi, mtu hushika shingo. Lakini kwa baharia tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo, omo ni ya mbele, na ngama ni kule chini kabisa, yanakokusanyika maji yavujayo. Baharia hata atembee chombo kizima, hana budi kurudi huko kuyachota na kuyamwaga, ama sivyo wote watazama.

Basi, sisi mapadre tukiwa wa kwanza, kisha akina baba, wenyeviti wa vijiji na viongozi wa jumuiya, tusiione haya kazi ya ngamani. Jioni ya leo, kabla ya kulala, kila mmoja na aulize nyumbani kwake: maji yanaingia wapi? Naye asikilize jibu mpaka mwisho.