Ulezi Hautaki Haraka

Mwanangu, kaa kwanza. Najua bodaboda inakungoja, na pale Kasumulu biskuti za pakiti zimejaa kila kibanda. Lakini umeniuliza zangu za ulezi nazioka vipi, nami siwezi kukujibu umesimama.

Nianze na aibu yangu. Mara ya kwanza nilitumia ulezi mtupu. Zilipopoa zikawa vumbi, kuku wakashiba. Ulezi hauna mnato wa ngano, haushikani. Siku hizi natia vikombe 2 vya ulezi, kimoja cha unga wa ngano isiyokobolewa, mayai 2, mafuta kidogo, karanga za kutwanga, na sukari nusu ya ile uliyoizoea.

Mara ya pili zilishikana. Ila marehemu mzee wangu aliuma moja, akanyamaza, akatoa kokoto mdomoni. Hakusema neno. Alimalizia chai yake tu. Mlio ule nausikia hadi leo. Kwa hiyo upete ulezi wako, uuoshe maji matatu hata manne, uanike mkekani, ndipo upeleke mashineni. Na usage kidogo kidogo. Unga usiokobolewa unabaki na kiini chenye mafuta, na kwa joto hili la Kyela hauchelewi kuwa mchungu.

Sasa sikiliza, hapa ndipo nilipoumia miaka. Ukishakanda, donge litakunata vidoleni. Mimi nilikuwa naongeza unga. Naongeza tena. Zikitoka, ngumu kama vigae! Kumbe pumba hunywa maji polepole. Funika donge, ukafagie uwanja, urudi baada ya nusu saa. Utalikuta limetulia lenyewe.

Oveni sina, wala usiingoje. Chukua sufuria kubwa, tandaza mchanga mkavu wa mto Songwe, weka sinia lenye biskuti juu yake, funika. Mkaa mwingi juu ya mfuniko, chini kidogo. Dakika 20 hivi, lakini pua yako ndiyo saa. Ukizigusa zingali laini, usizirudishe motoni. Hukauka zikipoa. Nami nilizirudisha, mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Sikudanganyi kwamba ni dawa. Biskuti ni biskuti, ukila kumi umekula kumi. Ila gramu 100 za ulezi zina zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu, na mchele wetu mweupe, hata unukie vipi, haufiki 50. Ulezi tuliuachia uji wa watoto na pombe ya wazee, sisi wa katikati tukakimbilia vyeupe.

Mchanga nimeshauanika. Njoo Jumamosi asubuhi, na hiyo bodaboda uiruhusu iende zake.