Hakuna Anayezaliwa Mkiwa

Katika makanisa mengi ya zamani ya Uingereza kuna mabamba ya mawe ukutani, yaliyowekwa na familia za wenye mali kuwakumbuka wafu wao. Juu ya maandishi huchongwa ngao yenye nembo ya ukoo: simba, nyota, mistari ya rangi. Anayezijua kanuni zake huisoma ngao hiyo kama cheti cha kuzaliwa. Mwanamume akioa mwanamke ambaye kwao pia wana nembo, ngao hugawanywa katikati na nembo mbili hukaa ubavu kwa ubavu. Watoto wao, kwa kawaida, hurithi ya baba peke yake. Nembo ya mama huwafikia kwa sharti moja: kwamba mama huyo hakuwa na kaka wa kuendeleza ukoo wake. Ni kusema kwamba jina la kwao mwanamke lilidumu jiweni pale tu wanaume wa kwao walipokwisha.

Nilisoma habari hizo kwa udadisi, mpaka ukoo wetu ulipoamua kujengea kaburi la babu hapa Mkiwa, mkoani Singida, mahali ambapo barabara ya kutoka Itigi inaikuta barabara kuu ya Dodoma na Singida. Vigae vilishanunuliwa. Kilichobaki kilikuwa bamba la marumaru la kuchongwa majina, na kwa kuwa ninasoma shahada ya uzamili, kazi ya kuyaandaa ilinidondokea mimi. Baba mkubwa alinitajia orodha: babu, baba yake, babu yake, mpaka kizazi cha sita, kisha, chini, watoto wanne wa kiume wa babu. Nikauliza kuhusu bibi zetu wawili na shangazi watatu.

"Mwanangu, jiwe ni dogo," alijibu bila hasira. "Na binti akishaolewa, ataandikwa kwa mumewe."

Shangazi mkubwa, aliyemuuguza babu miaka yake miwili ya mwisho, alikuwa pembeni akichambua mlenda. Alisema bila kuinua uso, "Kwa mume wangu huwa wananiambia mimi ni wa kwenu."

Kwa Kiswahili, mkiwa ni mtu aliyebaki peke yake, asiye na ndugu wa kumwita wala wa kumlilia. Sisi wa hapa hatulifikirii jina hilo, kwani jina la nyumbani huzoeleka hata likapoteza maana. Siku ile nililisikia upya. Mbele yangu alikuwa mwanamke mwenye koo mbili, na kila moja ilikuwa na hakika kwamba atahesabiwa kwenye ile nyingine.

Je, tunamkosea mtu tukimwacha nje ya nasaba? Baba mkubwa ana hoja nzito zaidi ya udogo wa jiwe. Kila mtu ana wazazi wawili, babu na bibi wanne, na wale waliowazaa wanane. Ukirudi nyuma vizazi kumi, ngazi hiyo peke yake ina nafasi 1,024. Hakuna bamba linaloweza kuwabeba wote, wala kichwa. Kila nasaba lazima ikate. Na kama lazima ikate, basi kuachwa peke yake hakuwezi kuwa dhuluma. Vinginevyo kila anayemkumbuka babu mmoja anawadhulumu mababu wengine mia.

Nakubali hoja hiyo, lakini haifiki mbali. Ingetosha kama tungesahau kwa bahati, leo huyu na kesho yule. Sisi tunasahau kwa kanuni, na kanuni hiyo inamwangukia mtu yuleyule kila kizazi.

Pwani wanaijua nasaba ya aina hii. Simulizi za Kilwa huanza na Ali bin al-Hassan, aliyetoka Shiraz, Uajemi, na hufuata majina ya masultani. Simulizi moja ya Kiswahili inasema alimwoa binti wa Mrimba, mkuu wa wenyeji, na mke huyo anajulikana kama binti wa Mrimba tu. Kwa muda mrefu wasomi walibishana: wengine walisema asili ya Uajemi ni majivuno ya kubuni, wengine wakasema miji ile ilijengwa na wageni. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania. Kwa wengi wao, asili ya Asia ilikuwepo kweli, hasa ya Uajemi, na ilikuwa imeletwa zaidi na wanaume. Asili ya Afrika, iliyozidi nusu kwa wengi, ilikuwa imepitia zaidi kwa wanawake.

Matokeo hayo yananigusa kwa jambo moja. Wazee waliokariri majina ya mababa hawakuwa wametunga uongo, maana mababa wa Kiajemi walikuwepo. Lakini kila neno la nasaba linaweza kuwa la kweli na nasaba nzima ikakudanganya kuhusu wewe ni nani. Nusu ya damu ilikaa karne nyingi bila jina, na watu wakagombania asili yao kwa kusoma nusu iliyobaki.

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya wafu, na wafu hawaumwi. Ni kweli hawaumwi. Ila nasaba haitumiki kaburini. Hutumika kwenye kikao cha ukoo, shamba linapogawanywa. Kanuni za urithi za kimila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 ziliwapanga warithi kwa madaraja matatu, na mabinti wakawekwa katika la mwisho. Ardhi ya ukoo mwanamke aliweza kuitumia, si kuiuza; angeimiliki kikamilifu iwapo tu katika ukoo huo hakubaki mwanamume. Ni sharti lilelile la ngao za Uingereza, kwa watu ambao hawajawahi kuchonga simba jiweni. Mwaka 1990 Mahakama Kuu, Mwanza, iliamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo sawa na mwanamume, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi kihalali. Sheria imekwisha kusema. Lakini ofisa wa ardhi haji kwenye kikao chetu, na wajukuu watakaokaa kikao hicho miaka hamsini ijayo watalisoma bamba kama ushahidi wa nani ni wa hapa.

Singida yenyewe inaweza kutufundisha. Uwanja wa mpira wa mjini, uliokuwa Namfua, sasa unaitwa Liti, kwa jina la mwanamke wa Kinyaturu anayekumbukwa kwa kuwapinga Wajerumani. Watu wanalitamka jina hilo kila timu inapocheza, na hakuna anayeuliza aliolewa wapi.

Basi nimeandaa orodha nyingine. Kila jina la baba nimeliwekea jina la mama mbele yake. Nilidhani nitakwama baada ya kizazi cha pili, lakini shangazi watatu, wakisahihishana, walinitajia wake wa vizazi vinne. Majina yalikuwepo siku zote. Waliokuwa nayo hawakuwa wameulizwa. Vizazi viwili vya juu nimeandika "na mkewe", ili anayesoma ajue kulikuwa na mtu. Watoto saba wa babu wamefuatana kwa umri.

Baba mkubwa ameisoma mara mbili. Amebaki na hoja moja, kwamba fundi anatoza kwa herufi. Hoja hiyo naiheshimu, maana tunaweza kuijibu kwa kuchanga. Ile nyingine, ya kwamba binti ni wa kwingine, haina mchango unaoimaliza. Hakuna anayezaliwa mkiwa, kwa kuwa kila mtu ametoka kwa mtu. Ukiwa huja baadaye, kwa mkono wa anayeandika orodha.