Anayeanza WhatsApp afundishwe nini kwanza?

  

Ndugu zangu Waislamu, jambo ninalotaka kulizungumza wiki hii huenda baadhi yetu wakaliona dogo, lisilostahiki kuwekwa gazetini pamoja na masuala mazito ya ummah. Nalo ni hili: Muislamu mtu mzima anayeingia WhatsApp kwa mara ya kwanza, afundishwe nini kabla ya kingine chochote?

Nauliza kwa sababu mimi ni mwalimu wa maarifa ya Uislamu hapa Mandewa, Manispaa ya Singida, na katika darsa letu la akina mama swali hili linanijia karibu kila wiki. Wengi wao ni watu wa biashara ndogo ndogo, kuku, vitunguu, mafuta ya alizeti. Kwa miaka mingi simu yao ilikuwa kitochi, ya kupiga na kupokea, basi. Sasa watoto wao walioko Dar es Salaam, Dodoma na Arusha wanawatumia simu za kupangusa, na darsa likimalizika mama ananifuata: "Ustadh, mwanangu anasema niingie WhatsApp tuonane sura. Niwekee." Ninamwekea. Wapo wanaodhani kwamba ucha Mungu ni kuikimbia simu; mimi simo katika hao. Bibi kumuona mjukuu wake aliye mbali ni katika kuunga udugu, na kuunga udugu ni ibada.

Ninachokipinga ni namna tunavyowafundisha. Kijana anayemwelekeza mama yake humwonyesha pa kuandika, pa kurekodi sauti, pa kupiga picha, kisha kwa fahari humwonyesha kale kamshale ka kupeleka mbele ujumbe uliotoka kwa mwingine. "Ukipata kitu kizuri mama, bonyeza hapa, kiende kwa wenzako." Somo limekwisha. Tangu mwaka 2022 grupu moja la WhatsApp linaweza kuwa na watu hadi 1,024. Misikiti mingi ya mtaani kwetu haipati idadi hiyo siku ya Ijumaa. Khatibu hapandi mimbari ila baada ya kusoma miaka, na akikosea wapo wa kumrekebisha. Mama huyu tumempandisha mimbari kubwa kuliko ile kwa somo la dakika kumi.

Inashangaza zaidi kwa kuwa dini yetu yenyewe imetufikia kwa kupokea na kufikisha. Sijui ummah mwingine ulioshughulika na swali la "nani kakwambia?" kama huu wetu. Abu Musa Al-Ash'ari (r.a.) alifika kwa Umar bin Khattab (r.a.), akaomba idhini mara tatu, hakuitikiwa, akaondoka. Umar alipomuuliza kwa nini amerudi, akasema hivyo ndivyo alivyofundisha Mtume (S.A.W.): mtu asipopewa idhini baada ya mara ya tatu, arejee. Umar hakumwambia "sawa, wewe ni Sahaba, nimekuamini". Alimtaka alete shahidi. Abu Musa akaenda kwenye baraza la Ansari akiwa na wasiwasi, wakampa mdogo wao kabisa, Abu Said Al-Khudri (r.a.), akaenda kutoa ushahidi. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim. Tazama basi: mpokezi ni Sahaba, habari yenyewe ni ya adabu ya kubisha hodi, na bado Umar anataka wa pili. Sisi tunapokea habari ya mtu kufa, ya dawa ya kisukari, ya sheikh fulani kukufuru, kutoka namba tusiyoijua, na hatumtaki hata wa kwanza.

Kila khatibu anaijua aya ya 6 ya Suratul Hujurat, inayotuamrisha kuichunguza habari tusije tukawadhuru watu bila kujua kisha tukajuta. Ila mimi akina mama huwasomea pia aya ya 15 ya Suratun Nur, iliyoteremka katika kisa cha kuzuliwa uongo Bibi Aisha (r.a.). Humo Allah (S.W.) anawalaumu walioipokea ile habari kwa ndimi zao. Habari hupokewa kwa masikio. Lakini wale, kwa haraka yao, ilikuwa kama sikio limepitwa na moyo umepitwa, neno likatua ulimini moja kwa moja na kuendelea na safari. Mama mmoja aliposikia maelezo haya alisema, "Basi sisi tunapokea kwa vidole." Sikuwa na la kuongeza.

Wala tusidhani balaa hili limeletwa na simu. Mwaka 1908, nchi hii ikiwa chini ya Wajerumani, ilienea kule Lindi na sehemu nyingine za pwani barua iliyodaiwa kutoka Makka. Vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha mwaka mmoja tu nyuma, na watawala waliingiwa na hofu kubwa kwa sababu ya karatasi ile. Barua yenyewe ilikuwa ya ukoo mmoja na ule "usia" ambao wanachuoni wanaujua vizuri: mtu anayeitwa Sheikh Ahmad, mtumishi wa kaburi la Mtume (S.A.W.) Madina, anadai kuota ndoto, anaeleza maovu ya zama, kisha anataka kila asomaye anakili na kupeleka mbele. Anayenakili anaahidiwa kheri, anayeficha anatishiwa msiba. Sheikh Abdul Aziz bin Baz, aliyekuwa Mufti wa Saudi Arabia hadi alipofariki mwaka 1999, aliandika kuukanusha usia huo na kuwatahadharisha Waislamu.

Nimeukuta usia huohuo kwenye simu ya mama mmoja hapa Mandewa, kwa Kiswahili safi, una picha ya kuba la kijani, na mwisho wake: tuma kwa watu 20. Zaidi ya miaka mia moja! Tofauti ni hii tu. Yule wa Lindi mwaka 1908 alihitaji karatasi, wino na mkono unaojua kuandika, na mtu anaponakili ukurasa mzima hupata nafasi ya kujiuliza anachokiandika. Wa leo hapati nafasi hiyo. Mama yule alituma kwa kuogopa msiba, kwa kuwa mumewe alikuwa safarini.

Ndugu msomaji, kuna kisa kilichotokea mtaani kwetu, nitakisimulia bila majina. Mama mmoja alikuwa akimuuguza mumewe nyumbani. Jirani akaandika ujumbe wa kuomba msaada, akaweka namba ya simu ya mama yule, akautuma kwenye grupu moja la Waislamu. Ujumbe ulikuwa wa kweli, kila neno. Ukapelekwa mbele kwenye magrupu mengine. Njiani, mtu asiyejulikana mpaka leo akaunakili, akabadilisha namba, akauachia uendelee. Watu wakachanga. Wengine walituma picha za miamala yao grupuni ili kuwahamasisha wenzao, jumla ikaonekana kubwa. Mgonjwa hakubadilika hali, dawa zilizotakiwa hazikununuliwa, na minong'ono ikaanza: amekula. Mama wa watu akaacha kuja darsani wiki nyingi. Aliyegundua ni mwanawe aliyeko Dodoma, ambaye ujumbe ulimfikia huko baada ya kuzunguka, akaona namba iliyoandikwa si ya mama yake.

Nimekifikiri sana kisa hiki. Katika wote waliopeleka mbele ujumbe ule, hakuna aliyekuwa na nia mbaya isipokuwa mmoja, na huyo mmoja alihitaji wema wa wote waliobaki ili wizi wake ufike. Na katika wote waliochanga kisha wakanong'ona, hakuna aliyepiga simu. Kumpigia mama yule kungechukua dakika moja.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inamtia hatiani mwenye kuchapisha habari hali ya kuwa anajua ni ya uongo, akikusudia kukashifu, kutisha au kudanganya watu. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Yaani sheria ya nchi inauliza: ulijua? Dini yetu inaanza kabla ya hapo, inauliza: ulichunguza? Imam Muslim, katika utangulizi wa Sahihi yake, amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) amemhesabu katika uongo mtu anayesimulia kila anachokisikia. Na katika Bukhari, Samura bin Jundub (r.a.) amepokea ndoto ya Mtume (S.A.W.) ambamo mtu mmoja anapasuliwa shavu kwa chuma mpaka kisogoni, kwa sababu alikuwa akitoka nyumbani asubuhi na uongo ambao unaenea pande zote za dunia. Nilipokuwa chuo kikuu hadithi hii ilinipa taabu: uongo wa mtu mmoja utafikaje huko kote? Wanafunzi wangu wa siku hizi hawaoni taabu yoyote.

Hata wenye mtandao wenyewe, ambao hawatafuti radhi za Allah, wameona lazima wamshike mtu mkono. Baada ya watu kuuawa nchini India mwaka 2018 kwa uvumi wa wezi wa watoto ulioenezwa kwa simu, WhatsApp walipunguza idadi ya watu wa kupelekewa ujumbe kwa mara moja, na mwaka 2020 wakaweka kwamba ujumbe uliokwisha zunguka sana uende kwa mtu mmoja au grupu moja kila mara. Ujumbe wa aina hiyo una alama ya mishale miwili. Hicho ndicho kitu cha kwanza ninachomwonyesha mama sasa, kabla ya pa kuandika: ukiona mishale miwili, jua aliyekutumia si aliyeandika, na huenda hamjui aliyeandika. Mwache ujumbe alale. Kama una habari ya kifo, ugonjwa au mchango, piga kwanza kwa mwenyewe au kwa jamaa yake unayemfahamu sauti.

Mengine ninayoyafundisha yanapita haraka. Tarakimu sita zinazokuja kwa ujumbe mfupi wakati wa kujiunga asipewe mtu yeyote, hata akijitaja kuwa ni mwanao, maana hizo ndizo ufunguo wa nyumba. Kwenye mipangilio ya faragha achague wanaoruhusiwa kumtia kwenye grupu. Abu Musa alibisha hodi mara tatu, iweje mtu akuingize baraza la watu 500 hata salamu hajakupa. Namba za matapeli zipelekwe 15040, namba iliyowekwa na TCRA kwa kazi hiyo. Na azime picha na video zisijipakue zenyewe, bando lisiishe kabla ya Adhuhuri.

Swali gumu kuliko yote niliulizwa na mama wa makamo: grupu la ukoo limejaa kusengenya, akijitoa ataonekana amekata udugu, akibaki anakaa kwenye baraza ovu. Nilimjibu kwamba katika Suratul An'am aya ya 68 tumeamrishwa kuwaepuka wanaoziingilia aya za Allah mpaka wabadilishe mazungumzo, na wanachuoni wamechukua humo adabu ya kuondoka penye maovu. Lakini udugu haukai ndani ya grupu. Azime sauti ya grupu, asilifungue, na kila Ijumaa awapigie wawili watatu katika jamaa zake kwa zamu. Kama kuna atakayeudhika, ataelewa simu ikiita.

Kwa maimamu nina ombi moja. Ramadhani inapokaribia, na Shawwal pia, simu hujaa sauti za matangazo ya mwezi kuandama, nyingine ni za mwaka uliopita, watu wanashindwa kujua wafunge au wale. Muumini mgeni wa mtandao amuulize nani? Kila msikiti uchague watu wawili wenye kuaminika, mwanamume na mwanamke, namba zao zibandikwe mahali kila mtu anapita, na kazi yao iwe kujibu swali moja tu: hili ni kweli? Sisi tumebandika karatasi yetu pale pa kutawadhia. Mama aliyepewa kazi hiyo kwa upande wa wanawake hupigiwa hata saa sita za usiku, mwezi unapogombewa. Analalamika kidogo, lakini anapokea.